UZI: Mbwa yako haijakushinda, inafanya kile umekuwa ukiilipa ifanye

Soja_wa_Kiamunyi

Wasee wa Nakuru na majirani, salamu. Kila wiki hapa lazima mtu aweke picha ya mbwa na maneno ni yale yale, imekuwa mkaidi, inabweka usiku kucha, inakimbiza boda, haiskii, nani ananunua. Alafu chini mnaanza kushauriana, ipe pilipili, ichape, ifunge mchana ikae na hasira. Mimi kazi yangu ni kufunza mbwa za kulinda, Kiamunyi, Lanet, saa zingine naitwa mpaka Njoro kwa wenye mashamba makubwa, na nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa inboksi, so leo naandika mara moja na naandika refu, mwenye hana bando angoje wifi ya jirani.

Kitu yenyewe ni hii: mnyama hajifunzi kile wewe unataka ajifunze, anajifunza kile kinachotokea baada ya yeye kufanya kitu. Nia yako haioni. Hasira yako inaiona lakini haijui ni ya nini.

Chukua mbwa ya geti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtu wa maziwa anapita na nduthi, mitungi inagongana, mbwa inakuja mbio inabweka mpaka mate inaruka. Mtu wa maziwa anaenda zake. Sasa wewe na mimi tunajua alikuwa anaenda zake tu, ana wateja wengine mbele, hata hakuiangalia. Lakini mbwa haijui biashara ya maziwa. Kwa hesabu yake imebweka na adui ametoroka. Kesho imebweka, ametoroka. Keshokutwa hivyo hivyo. Hakuna siku imeshindwa, na kazi ambayo hujawahi kushindwa nani ataiacha? Boda ndio mbaya zaidi, juu yeye akiona mbwa anaongeza moto, yani anailipa papo hapo na bonasi juu. Halafu wewe unatoka na kandambili unairushia. Hiyo kandambili imefika wakati malipo iliingia kitambo, tena mbwa inaona umetoka mkikimbiza mtu pamoja.

Kama unadhani natoa hii kichwani, kuna Mmarekani anaitwa Edward Thorndike, mwaka wa 1898 aliandika majaribio yake ya kufungia paka njaa kwa visanduku, chakula iko nje anaiona. Ndani kuna kamba ama kibao cha kukanyaga, ukiguza mlango unafunguka. Mara ya kwanza paka inaparura kila kona, inauma mbao, inaingiza mguu kwa nafasi, mwishowe inaguza kamba kwa bahati inatoka inakula. Anairudisha ndani. Anairudisha tena. Muda unapungua polepole, sio kwa ghafla, mpaka inafika mahali ukiifungia tu inaenda kwa kamba moja kwa moja. Polepole hiyo ndio kitu muhimu, juu kama paka ingekuwa imeelewa ujanja wa mlango, muda ungeanguka mara moja. Haikuelewa mlango. Kile kilileta chakula kikakaa, kile hakikuleta kikaisha.

Na hii makosa naiona karibu kwa kila boma nikiitwa: mbwa imetoroka imeenda kwa jirani, mwenyewe anasimama kwa geti anaita "Simba! Simba njoo hapa!", Simba anakuja, anakanyagwa. Sasa niambie hapo Simba amefunzwa nini. Amefunzwa kutotoroka? Kutoroka kulikuwa dakika kumi zilizopita na kulikuwa kutamu. Kitu amefanya mwisho kabla ya teke ni kukuja akiitwa. Siku ingine ukiita anakuangalia kwa mbali, na wewe unakuja hapa kuandika ati mbwa ni mkaidi.

Kijana_wa_Section58

Nimesoma yote na bando ya bob ishirini, heshima yangu. Lakini si hii ni ile maneno ya Pavlov na kengele tulisoma?

Soja_wa_Kiamunyi

Hapana mdogo wangu, ni ndugu yake lakini si yeye. Kwa Thorndike mnyama anafanya kitu ndio apate. Kwa Pavlov hafanyi chochote, vitu viwili vinakuja vikifuatana tu na mwili wake unashika. Na huyo Pavlov hata hakuwa anatafuta mambo ya kujifunza, alikuwa daktari wa mambo ya tumbo huko Urusi, alipewa Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi ya kusaga chakula. Alikuwa ametoboa mbwa shavu akaweka bomba ndogo ya kukusanya mate apime. Shida ikawa mbwa zilianza kutoa mate kabla chakula ifike, zikiona tu yule mtu wa kuzilisha, ama zikiskia hatua zake. Kwa mtu anapima mate hiyo ni kuharibiwa kazi. Yeye akaona hapo kuna kitu, akaanza kutumia mlio wa metronomi, ile mashini ya kuhesabia mdundo ya watu wa muziki, akipiga mlio alafu chakula, mlio alafu chakula, mpaka mlio peke yake ukaanza kutoa mate. Kengele ndio imekuwa maarufu lakini vifaa vyake vilikuwa vingi.

Mkulima_Njoro

Hiyo ya mate mimi naiona kila siku kwa maziwa, na sio mchezo ni pesa. Wale mnakama mtaelewa. Ng'ombe yangu ya kwanza kwa foleni, ukigonga ndoo ya dairy meal kwa ile ukuta ya zizi, kabla hujaguza kiwele, chuchu zinaanza kudondosha. Hajapanguswa, hajaona ndama, ni mlio wa ndoo tu. Daktari wa mifugo alinieleza kuna homoni inaitwa oksitosini, inatoka kwa ubongo inaingia kwa damu ikifika kwa kiwele inakamua yale maziwa yako juu yashuke. Na haikai, ni dakika chache imeisha, so ukigonga ndoo alafu uende kupiga story kwa geti, ukirudi utakama kidogo na kingine kimebaki ndani.

Sasa kinyume chake. Nilikuwa na kijana wa kazi mwenye mkono mwepesi, alikuwa anachapa ng'ombe na fimbo ikisonga. Akiwa anaingia zizi na gamboots zake, zile nyeusi zenye mlio wa kukokota, ng'ombe zinashika maziwa. Sio kuringa. Mwili ukiogopa unatoa adrenalini na hiyo inafungia oksitosini njia. Mimi nikikama, maziwa iko. Yeye akikama, imepotea. Mzee mmoja jirani akaniambia nimerogwa, nikamwambia mchawi amevaa gamboots.

NyarDunga

😂😂 mchawi amevaa gamboots aki

Mama_Twins

Soja naomba kuuliza, sina mbwa nina mapacha wa miaka mitatu. Wanataka simu ya katuni wakati wa kula, nikikataa wanalia mpaka majirani wa ploti wanatoka nje. Siku nyingi nakataa kabisa, siku zingine nimechoka natoa. Sasa si wangekuwa wamejifunza kwamba mara nyingi ni hapana?

Soja_wa_Kiamunyi

Mama, pole na hongera kwa pamoja. Hiyo ya "siku zingine" ndio imefunga fundo. Ungekuwa unatoa kila siku, ukiacha wangelia siku kadhaa wachoke, juu tofauti ingeonekana haraka, jana ilikuwa inatoka na leo haitoki. Lakini ikiwa inatoka mara moja moja bila mpango, basi hapana ya leo haimaanishi kitu, labda iko kwa kilio kinachofuata. B. F. Skinner, msomi wa tabia, alikaa miaka na njiwa na panya akichunguza hii, njiwa anadonoa kiduara kwa ukuta apate punje. Mwenye alilipwa kila mara akidonoa, ukikata punje anaacha haraka. Mwenye alilipwa ovyo ovyo, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya arobaini, huyo ukikata punje anadonoa na anadonoa na anadonoa.

Na nikuonye kabla ujaribu. Siku utaamua hakuna simu mezani, kilio kitaongezeka kwanza ndio kipungue. Kila mnyama anafanya hivyo, kitu ikiacha kulipa anaijaribu kwa nguvu zaidi, kama wewe ukibonyeza swichi stima isiwake, si unabonyeza tena na tena na kidole kigumu? Ukikubali pale kilio kimefika juu kabisa, umelipa ile kali zaidi. Afadhali utoe simu mapema kabla walie kuliko hapo. Na wakikaa wakila bila kulia hata dakika mbili, wape maneno, ongea nao, cheka nao. Watu wengi tunaongea na mtoto akikosea tu, akitulia tunashukuru Mungu kimya kimya na hatumlipi kitu.

Kijana_wa_Section58

Ngoja kwanza. Mara baada ya tatu, mara baada ya arobaini. Si hiyo ni ile gemu ya ndege inapaa mnabet? 😳

Soja_wa_Kiamunyi

Ndiyo. Mwenye alitengeneza hahitaji kukujua jina. Ingekuwa unashinda kila mara ya kumi kamili, ungekuwa unapumzika katikati. Kwa sababu haijulikani, kila raundi inakaa kama ndio yenyewe. Na ile "karibu nishinde" nayo mwili unaihesabu kama nusu ya kushinda wakati mfuko unajua ni kushindwa.

Kijana_wa_Section58

Nimenyamaza.

Tichaa_Molo

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ningependa kuongeza jambo na pia kupinga kidogo. Soja unaongea kana kwamba kila kitu ni malipo ya mtu mwenyewe. Mtoto hahitaji kulipwa wala kuchapwa yeye ndipo ajifunze, anatosha kumwona mwingine. Mwaka wa 1961 Albert Bandura na wenzake pale Stanford walichukua watoto 72, wavulana nusu wasichana nusu, wa umri wa chekechea. Baadhi walikaa kwa chumba wakamwona mtu mzima akipiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, ule ukiangushwa unasimama wenyewe, alimpiga ngumi, akamkalia, akampiga kichwani na nyundo ya mbao, na alikuwa na maneno yake maalum wakati wa kupiga. Watoto hawakuambiwa lolote. Baadaye walipoachwa na mwanasesere kama huyo, walifanya yale yale, nyundo ile ile, na hata maneno yale yale. Hakuna aliyewapa peremende.

Soja_wa_Kiamunyi

Mwalimu hapo umenikamata vizuri, na sikatai. Lakini endelea na ile ya 1965, juu najua unaijua.

Tichaa_Molo

Ninaijua 😀. Safari hii watoto walitazama filamu. Kuna walioona yule mpigaji akipewa soda na sifa, kuna walioona akikemewa na kuchapwa, na kuna walioona hakuna kilichofuata. Walioona akiadhibiwa waliiga kidogo zaidi. Ukiishia hapo utasema adhabu imefanya kazi. Lakini Bandura akarudi akawaambia watoto wote, kila atakayenionyesha vile yule mtu alifanya nitampa juisi na picha za kubandika. Wote wakaonyesha, na ile tofauti ikapotea. Kwa hivyo walioona adhabu walikuwa wamejifunza kila kitu sawa na wenzao. Kile walichojifunza zaidi ni kutokifanya mbele ya huyo mtu.

Na hapa ndipo nawaambia wenzangu wa chaki. Kiboko kimekatazwa, Katiba ya 2010 inakataza na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekitaja waziwazi, lakini tusijifanye hatujui kinaendelea. Niliwahi kufundisha mahali ambapo mwalimu mmoja alikuwa na pikipiki ya zamani, ekzosi imetoboka. Alikuwa mkali ajabu. Darasa lake likikaa bila mwalimu ni soko, madawati yanatembea, mtu yuko juu ya dirisha. Pikipiki ikisikika ikipanda ile kona ya chini, karibu na mti wa mbambakofi uliokatwa nusu, kelele inakatika kama umezima redio, vitabu vinafunguka, kuna hata wanaokunja uso kana kwamba hesabu ni ngumu. Yeye akiingia anaona darasa tulivu na anajisifu stafuruni kwamba kwake hakuna mchezo. Watoto hawajajifunza utulivu, wamejifunza ekzosi. Wiki aliyopata pikipiki mpya waliumia wengi.

NyarDunga

Mwalimu umenimaliza na hiyo ya ekzosi.

Mimi niko Kisumu, mama yangu na shangazi zangu wanaanika omena pale ufuoni. Nyavu zinatandikwa chini, omena inamwagwa, jua ifanye kazi, na yangeyange wanakuja kujihudumia. Kila mwaka mtu anakuja na dawa mpya ya ndege. Kuna mwenye alisimamisha mtu wa matambara na kofia. Siku ya kwanza ndege wote wako kwa paa. Siku zinavyosonga wanakaribia, unaona mmoja anakuja anasimama mita mbili anaangalia, anaruka, anarudi. Kabla wiki iishe amekaa kwa hiyo kofia. Kanda za redio zile za kung'aa, zinamwekamweka na upepo, hivyo hivyo. Soja hapo nini imetokea, juu hakuna mtu amewalipa wala kuwachapa?

Soja_wa_Kiamunyi

Nyar, hiyo ndio elimu ya zamani kuliko zote, hata konokono anayo. Kitu ikitokea na hakuna chochote kinafuata, mwili unaacha kuishughulikia. Mtu wa matambara hajawahi kurusha jiwe. Sasa omena ilikuwa inalipa na mtu wa matambara hakuwa anatoza. Ukitaka akae na nguvu lazima apate meno, mara moja moja mtoto akae nyuma yake awarushie kitu, na pia asikae pahali pamoja. Lakini ukweli hapo shangazi akikaa na fimbo ndefu ndio dawa.

NyarDunga

Shangazi analala saa saba mchana, na yangeyange wanajua 😂 huyo mwewe wa shule ya hapa nyuma naye anajua kengele ya lunch kuliko mwalimu wa zamu, anakaa kwa mlingoti wa bendera dakika kidogo kabla.

Gilgil_Finest

Mmeongea yote na mmesahau nyumbani kwenu. Hapa kwetu Gilgil, shamba la Kekopey, ndio nyani walikuwa wanachunguzwa miaka ya sabini. Robert Harding alianza 1970, alafu akaja Shirley Strum 1972, kundi lenyewe lilikuwa linaitwa Pumphouse Gang. Vile wazee wa hapa wanasimulia na vile wasomi waliandika inakaribiana. Mwanzo nyani wa kushika nyama walikuwa madume wakubwa, mmoja mmoja, akikutana na sungura ama mtoto wa swala amelala kwa nyasi anambeba. Wengine wanaangalia tu. Lakini dume mmoja akawa anatafuta kabisa, anatoka kwa kundi anaenda mbali kwa swala. Madume wengine wakashika hiyo tabia, wakaanza hadi kupokezana mbio, mmoja akichoka swala anaingia kwa mwingine. Baadaye majike na wadogo wakaanza kuonja, kisha kushika wenyewe. Miaka michache kundi zima limekuwa na desturi haikuwa nayo. Strum aliandika hiyo mwaka wa 1975. Hakuna aliyewafundisha.

Alafu shamba likauzwa, watu wakagawana, mahindi ikapandwa, na mnajua nyani na mahindi. Mzozo ukawa mkubwa mpaka 1984 wakahamishwa Laikipia.

Mkulima_Njoro

Hao wa Laikipia wakae huko huko. Sisi huku wako wengine.

Kijana_wa_Section58

Na hii ya pilipili kwa mbwa? Soja uliitaja ukaruka. Buda yangu anaamini pilipili kwa ugali inafanya mbwa kuwa kali.

Soja_wa_Kiamunyi

Umwambie mzee kwa heshima. Kuna mtu anaitwa John Garcia, mwaka wa 1966 yeye na Koelling waliweka panya maji tamu, na panya ikilamba hayo maji taa inawaka na kuna mlio. Kwa hivyo maji moja ina utamu, mwangaza na kelele. Panya wengine wakapewa shoti ya umeme, wengine wakafanywa wagonjwa wa tumbo. Wale wa shoti baadaye waliogopa maji ya mwangaza na kelele, utamu hawakuwa na shida nao. Wale wa tumbo walikataa utamu, mwangaza na kelele ikawa sawa tu. Yani mwili unajua ya kulaumu. Maumivu ya ngozi inaangalia kile ulichoona na kuskia, maumivu ya tumbo inaangalia kile ulichokula, na inaweza kulaumu hata kama saa kadhaa zimepita.

So sasa mbwa ya mzee ikiungua tumbo na pilipili, inalaumu nini? Mwizi hayuko hapo. Inalaumu ugali ya mzee. Alafu mnashangaa inakula kwa jirani.

Gilgil_Finest

Na hiyo ya tumbo ilifikiriwa kwa nyani wetu pia, kuweka dawa ya kuumiza tumbo kwa mahindi ndio wachukie shamba. Kuna msomi aliandika tasnifu yake nzima juu ya hiyo, 1984.

Soja_wa_Kiamunyi

Shida ya hiyo njia ni dawa yenyewe kuwa na ladha. Ile lithiamu kloridi wanatumia ni chumvi, so mnyama mjanja anaweza kujifunza kuchukia mahindi yenye chumvi na kukula ile ingine yote. Anachukia kile kilimuumiza, sio kile wewe ulimaanisha.

Na kwa hofu ya kuangalia, mwalimu atapenda hii. Mtafiti Susan Mineka alikuwa na tumbili wa rhesus waliozaliwa maabara, hawajawahi kuona nyoka na hawakuwa na shida naye. Wakaonyeshwa tumbili wa porini akimwona nyoka akishtuka, wakaanza kuogopa hata nyoka wa bandia, haraka sana. Alafu wengine wakaonyeshwa video iliyokatwa na kuungwa ndio ionekane huyo tumbili anaogopa maua. Maua hayakushika. Kwa hivyo hata kuiga kuna mlango wake, si kila kitu inaingia. Ndio maana mtoto wa mbwa mimi namwangalia mama yake kwanza kabla ya bei. Mama akijificha chini ya gari kila radi ikilia juu ya Menengai, usilipe.

Msukuma_Kisumu

Wakuu, mimi ni Mtanzania nafanya kazi hapa Kisumu, nimecheka sana. Kwetu Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kuna panya buku wanafundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Wanaanza kwa mlio wa kliki, kliki ikilia anapewa ndizi, kliki ndizi, mpaka kliki yenyewe inakuwa tamu. Hapo ni Pavlov. Halafu kliki inalia pale tu akinusa harufu ya baruti na kusimama, hapo ni Thorndike. Mmoja aliitwa Magawa alipelekwa Kambodia, alipata medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, wakati huo alikuwa ametambua mabomu ya ardhini 39. Na panya hao ni wepesi, hata wakikanyaga bomu halilipuki.

Kijana_wa_Section58

Panya ana CV kuniliko.

Omwami_wa_Webuye

Mimi nimekaa nyuma nikisoma kwa sababu mnaongea mbwa na nyani na sisi huku tuna maksai. Nimefunza wengi, njia ya babu ni moja, unafunga mdogo kwa nira pamoja na mzee ambaye amezoea, mwanzo wanavuta gogo tu, sio plau, asishtuke na chuma. Mzee akiskia jina lake anasonga, mdogo anavutwa, siku zikienda anasonga mwenyewe kabla avutwe. Hiyo sijui mwalimu ataiita kuiga ama Soja ataiita malipo.

Lakini nina mmoja mweusi mwenye doa kwa paji, amenishinda. Analima mistari mizuri, alafu katikati analala chini. Analala kabisa na nira shingoni, mzee wake anabaki amepinda. Tumemchapa, tumempinda mkia, mtu mmoja alisema tumfunge pua. Mwishowe tunamfungua anaenda kula, tunamaliza na jembe.

Soja_wa_Kiamunyi

Omwami, kwanza muondolee ugonjwa, angalia kwato, angalia shingo kama nira imechuna, na kama ni joto la saa sita usimlaumu. Ukiona ni mzima, soma hiyo sentensi yako ya mwisho tena polepole. Akilala anafunguliwa na anaenda kula.

Tichaa_Molo

😀 Na fimbo anaivumilia kwa sababu anajua iko kabla ya nyasi.

Omwami_wa_Webuye

Aaah. Sasa nifanye nini, nisimfungue akae hapo mpaka usiku?

Soja_wa_Kiamunyi

Hapana, usishindane naye kulala, hiyo atakushinda. Tafuta ni mstari wa ngapi analala, wewe umesema ni katikati. Mfungue kabla ya hapo, akiwa amesimama, mstari umeisha vizuri, mpe nyasi hapo hapo kwa mkono. Siku chache afanye hivyo tu, kazi fupi, akifunguliwa amesimama. Alafu ongeza mstari mmoja. Akilala, usimchape, usimwite, usimfungue, simameni tu mkimya, mzee naye apumzike. Akisimama mwenyewe mpe hatua tano za kuvuta, ndio umfungue. Yani kufunguliwa kutoke kwa kusimama, kusitoke kwa kulala hata mara moja. Na uwaambie vijana wote wa boma, juu mmoja akimhurumia siku moja ukiwa sokoni tumerudi kwa ile hadithi ya njiwa.

Omwami_wa_Webuye

Vijana ndio shida yangu kuliko maksai. Sawa, wiki hii tunaanza na gogo tena, plau ingoje. Mwenye ana nira nyepesi ya kuuza upande wa Kimilili ama Chwele aniambie, hii yangu kweli imemchuna upande wa kulia, nimetoka kuangalia sahii na tochi.

Mkulima_Njoro

Paka jeli ya kukamia hapo shingoni na umpe siku mbili bila nira kabisa. Kwa nira angalia inboksi, nina mjomba Chwele.